Uliza Tukujibu: Kipi huanza, mpaka au taifa?

Toleo hili maswali karibu yote ni ya mipaka na mataifa, maana nyie wasomaji mkishaanza jambo hamliachi, meseji moja inazaa kumi. Yaliyofanana nimeyaunganisha, marefu nimeyakata, na wale waliotuma matusi bila swali nao nawasalimu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tumebishana sana kwenye grupu letu. Mimi nasema watu wakishajijua kuwa ni taifa moja ndo wanatafuta ardhi na kuweka mipaka, mwenzangu anasema hapana, mipaka inachorwa kwanza na wakubwa alafu watu wanaambiwa haya, kuanzia leo nyie ni taifa. Nani kashinda? (Mbishi wa Grupu)

JIBU: Marahaba. Kama mmewekeana dau basi mwenzako ndo anaondoka nalo, ila asiondoke nalo lote.

Chukua Ufaransa, ambayo wengi wakiitaja wanadhani ilikuwepo toka zamani na Wafaransa wake ndani wakiongea Kifaransa chao. Wafalme wa pale walikusanya ardhi kidogo kidogo kwa karne nyingi, huku kwa vita, kule kwa ndoa, kwingine kwa urithi, na hakuna siku mkulima aliulizwa wewe unajisikia nani. Karne ya 19 inaelekea ukingoni bado kulikuwa na mamilioni ya raia wa Ufaransa ambao nyumbani wanaongea Kibretoni, Kibaski, Kioksitani au Kikatalani, Kifaransa wanakisikia kwa karani na kwa askari. Kilichowageuza ni reli, jeshi la lazima na zaidi ya yote shule, zile sheria za Jules Ferry za 1881 na 1882 zilizofanya elimu ya msingi iwe bure alafu iwe ya lazima, na mtoto akikamatwa anaongea Kibretoni darasani anaadhibiwa. Yaani dola ilikuwepo, ardhi ilikuwepo, Wafaransa wakatengenezwa baadae.

Ujerumani ndo inakaa upande wako. Pale walikuwepo watu wanaojiita Wajerumani, wana lugha yao na vitabu vyao, miaka mingi kabla haijawepo nchi ya kuitwa Ujerumani, baada ya 1815 walikuwa wametawanyika kwenye vidola kama 39 vya shirikisho lililolegea, mpaka 1871 Bismarck, waziri mkuu wa dola la Prussia, alipokamilisha kuwaunganisha baada ya vita tatu. Sasa hapo angalia vizuri. Bismarck aliwaacha nje Wajerumani wa Austria kwa makusudi, maana Prussia haikutaka kugawana ukubwa na Vienna, akawaweka ndani Wapolandi na Wadenmaki ambao hawakuomba, na akachukua Alsace na sehemu ya Lorraine kutoka kwa Wafaransa. Wajerumani wakasema watu wa Alsace wanaongea lahaja ya Kijerumani kwaiyo ni wetu, Wafaransa wakasema ni wetu kwa sababu wenyewe wanataka kuwa wetu. Mtu aliyezaliwa Alsace mwaka 1870 akajaliwa kufika 1945 alibadilishiwa nchi mara nne, 1871, 1918, 1940 na tena vita ya pili ilipoisha, na nyumba hajahama. Kwaiyo hata kwa Wajerumani, ambao wanatolewa mfano kila siku wa taifa lililotangulia dola, aliyeamua nani yumo na nani hayumo alikuwa mtu mwenye jeshi na ramani.

Ila nilisema dau lisiende lote. Kwenye milima ya Pyrenees kuna bonde linaitwa Cerdanya. Mwaka 1659 Ufaransa na Hispania walisaini mkataba wa kumaliza vita vyao, na katika kuutekeleza ikakubaliwa vijiji 33 vya bonde lile viende Ufaransa. Llívia haikwenda, kwa sababu yenyewe kwenye karatasi ilikuwa na hadhi ya mji na makubaliano yanasema vijiji, basi ikabaki Hispania mpaka leo huku imezungukwa na Ufaransa pande zote. Watu wa pande zote mbili walikuwa Wakatalani, wanaoana, wanalisha mifugo pamoja. Na mpaka wenyewe ardhini ulikuwa hauonekani, mawe yenye namba yalikuja kupangwa miaka ya 1860, yaani karne mbili baadae! Lakini katikati hapo wanavijiji walishaanza kuutumia. Kijiji kikigombana na jirani kuhusu malisho au mfereji wa maji kinakimbilia kwa wakubwa wake kinasema sisi ni Wafaransa wale ni Wahispania wanatuonea. Walizoea kujiita Wafaransa kwenye kesi za maji kabla hata hawajakijua Kifaransa vizuri. Mpaka uliletwa na wakubwa, sawa, ila wadogo waliuchukua wakaufanyia kazi zao wenyewe, na hiyo sehemu ya dau inarudi kwako.

SWALI: Bro nataka jibu fupi. Nimesikia kati ya Misri na Sudan kuna ardhi haina mwenyewe. Nikienda nikachomeka bendera nikajitangaza, si tayari nchi? (Rais Mtarajiwa)

JIBU: Mheshimiwa, ardhi ipo kweli, inaitwa Bir Tawil, kilomita za mraba kama 2,060, jangwa tupu. Ilibaki hivyo kwa sababu Waingereza walichora mistari miwili, mmoja 1899 ulionyooka kufuata latitudo ya 22 na mwingine 1902 wa kiutawala kufuata wafugaji wanakochungia. Misri inashika ule wa 1899 maana unaipa pembetatu ya Halaib iliyoko pwani ya Bahari ya Shamu, Sudan inashika wa 1902 kwa sababu hiyohiyo, na anayesema Bir Tawil ni yangu anakuwa amekubali mstari wa mwenzake, Halaib inamtoka. Kwaiyo wote wanaikana.

Bendera zimeshachomekwa pale, 2014 kuna Mmarekani alienda kabisa ili binti yake awe princesi, na haikutokea kitu. Mkataba wa Montevideo wa 1933 ndo watu wanaurejea sana kwenye haya mambo, unataka vitu vinne, watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na nchi nyingine. Wewe una kimoja na hicho chenyewe ni mchanga. Alafu usidhani hakuna watu, wafugaji wa Kiababda na Kibishari wanapita na mifugo yao humo toka enzi, waulize kwanza kama wanahitaji rais.

SWALI: Mwalimu, mipaka ya Afrika ilichorwa na wakoloni, kila mtu anajua, inakata kabila vipande. Kwanini baada ya uhuru viongozi wetu wasikae chini wakaifuta? Walishindwa nini? (Mjukuu wa Mkutano wa Berlin)

JIBU: Jina lako limenichekesha. Hawakushindwa kukaa, walikaa, Julai 1964 pale Cairo, mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wakaamua kinyume na unavyotaka, kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyokuwepo siku ilipopata uhuru. Nyerere alikuwa mmoja wa waliosukuma hoja hiyo. Somalia na Moroko hazikukubali.

Waamuzi wale ukiwahukumu kumbuka walikuwa wametoka kuona nini. Oktoba 1963 Moroko na Algeria zilikuwa zimepigana juu ya jangwa, mwanzoni mwa 1964 Somalia na Ethiopia nazo zikapigana, Katanga ilikuwa imejaribu kujitenga na Kongo kuanzia 1960 hadi 1963. Kila mmoja pale mezani alikuwa na kabila lililokatwa na mpaka, yaani ukimruhusu mmoja achore upya, jirani yake naye anatoa penseli. Na wala hawakuwa wa kwanza kufikiria hivyo, nchi za Amerika ya Kusini zilipotoka mikononi mwa Hispania karne ya 19 zilishika kanuni hiyohiyo, kwamba mstari wa mkoa wa mkoloni ndo uwe mpaka wa nchi, na bado zikapigana, lakini zilikuwa na pa kuanzia kubishana.

Kuna jambo lingine hatulisemi sana. Falme nyingi za Afrika ya zamani hazikuhesabu ukubwa wao kwa mstari. Ardhi ilikuwa nyingi, watu wachache, kwaiyo mfalme alipima nguvu kwa watu wanaomfuata na wanaomletea kodi, na mtu akichoshwa na mfalme anahama. Moshoeshoe wa Basotho alijenga taifa kwa njia hiyo, miaka ya 1820 vita na njaa vimewatawanya watu yeye yuko juu ya mlima Thaba Bosiu anapokea wakimbizi wa koo mbalimbali, anawapa ng'ombe wa kufuga, wanakuwa watu wake. Mstari ulikuja baadae pale Makaburu walipokuwa wanamla ardhi vita baada ya vita, akaomba ulinzi wa Waingereza, akaupata 1868, na Lesotho ikaishia na milima, mashamba mengi mazuri ya magharibi yakabaki upande wa pili mpaka leo. Kwaiyo ukisema tufute mistari turudi kwenye mipaka yetu ya asili, sehemu nyingi utakuta hiyo mipaka ya asili haikuwa mistari, itabidi nawe uchore, na kalamu utaishika wewe badala ya mkoloni, ila watu watalia vilevile.

Tena mstari wa mkoloni ukikaa unaota mizizi. Eritrea ilitangazwa na Italia kuwa koloni 1890. Watu wa nyanda za juu za Eritrea na wa Tigray ng'ambo ya mpaka, upande wa Ethiopia, wana lugha moja Kitigrinya, kanisa moja, koo zinazojuana. Ungetegemea Mtaliano akiondoka wakumbatiane. Badala yake miaka hamsini ya kiwanda, reli, jeshi la askari wa kikoloni na utawala tofauti ilikuwa imewapa kitu chao pamoja na Waislamu wa nyanda za chini ambao hawana lugha moja nao. Umoja wa Mataifa ukawaunganisha na Ethiopia kwa shirikisho mwaka 1952, mfalme akaanza kulimega, Kitigrinya na Kiarabu vikasukumwa nje na Kiamhari kikaingizwa shuleni, 1962 shirikisho likafutwa kabisa. Vita ikaenda miaka 30, na kura ya maoni ya Aprili 1993 zaidi ya asilimia 99 wakasema uhuru. Makabila tisa, dini mbili kubwa, na mstari wa Mtaliano ndo waliokuwa wanaufia. Kwangu mimi Addis Ababa ndo ilimalizia kazi ya Roma, maana shirikisho lile lingeheshimiwa sina uhakika kama wangefikia kushika bunduki wengi vile.

SWALI: Kama utambulisho ndo unajenga nchi, mbona Somalia lugha moja dini moja na ikavunjika, na Uswisi lugha nne inatengeneza saa kwa amani? Naona hizi nadharia zenu ni maneno tu. (Dada Mkavu)

JIBU: Dada, sio maneno tu, ila umegusa penyewe. Kufanana hakutoshi.

Somalia ilikuwa na kitu ambacho nchi nyingi za Afrika zilikionea wivu, na kikawa pia ndo mzigo wake. Tarehe 26 Juni 1960 kaskazini ikatoka kwa Mwingereza, tarehe 1 Julai kusini ikatoka kwa Mtaliano, siku hiyohiyo wakaungana, na bendera ina nyota ya pembe tano, kila pembe sehemu moja wanapoishi Wasomali, mbili zimeshaingia na tatu ziko nje, yaani Jibuti, Ogaden iliyoko Ethiopia na kaskazini mashariki ya Kenya. Nchi ilizaliwa ikiwa kwa hesabu yake yenyewe haijakamilika. Hesabu hiyo ikawapeleka Ogaden 1977, wakashindwa 1978, wakimbizi wakamiminika, silaha zikabaki mikononi mwa watu, na serikali ya Siad Barre ikarudi ndani kugawa watu kwa koo, hadi mwaka 1988 ndege za serikali zikaupiga mabomu mji wake wenyewe wa Hargeisa. Unaona sasa, lugha moja inasaidia nini hapo? Serikali ikaanguka Januari 1991 na Mei mwaka huohuo kaskazini ikajitangaza Somaliland. Na wamejitangaza kwa mstari upi? Uleule wa Mwingereza. Toka hapo wana serikali yao, pesa yao, chaguzi zao, na nchi nyingi za dunia bado haziwatambui.

Pakistan ni kesi dada yake. 1947 ilizaliwa kwa hoja ya dini, vipande viwili, kati yao India kama kilomita 1,600. Mashariki ndo kulikuwa na watu wengi zaidi na wanaongea Kibengali, magharibi kukawa na serikali, majenerali na pesa. 1948 Jinnah, kiongozi wa Pakistan, akaenda Dhaka huko mashariki akawaambia lugha ya taifa itakuwa Kiurdu peke yake. Tarehe 21 Februari 1952 polisi wakaua wanafunzi walioandamana kwa ajili ya lugha yao. Uchaguzi wa 1970 chama cha mashariki kikashinda viti vya kutosha kuunda serikali ya Pakistan nzima, kikanyimwa, Machi 1971 jeshi likaingia, Desemba ikawa Bangladesh. Bendera yao ya kwanza ilikuwa na ramani ya nchi kwa rangi ya njano katikati ya duara jekundu, mwaka uliofuata wakaitoa ramani likabaki duara. Mtu ukishakuwa na uhakika na eneo lako hulazimiki kulichora kwenye kitambaa.

Na kwa kuwa nimetaja ramani kwenye bendera, Cyprus ilipopata uhuru 1960 Wagiriki wana bluu yao na Waturuki wana nyekundu yao, rangi zote mbili zikakataliwa, wakachora kisiwa chenyewe. Kitu pekee walichokuwa nacho pamoja ni umbo la ardhi. Kisiwa kiligawanyika 1974 na bendera ile bado ina kisiwa kizima.

Uswisi wao nao walipigana, usiwapake sukari, vita vya ndani vya 1847 ndo vilizaa katiba ya 1848, lakini katiba ile iliacha majimbo yashike shule, kanisa na lugha yao, kwaiyo hakuna aliyehitaji kuteka serikali kuu ili wajukuu wake waongee Kifaransa au Kiitaliano. Somalia na Pakistan anayekosa serikali kuu amekosa kila kitu.

SWALI: Haya mambo ya mataifa ni ya wanasiasa, mtu wa kawaida mpaka unamhusu nini? Mimi nalima tu. (Mkulima)

JIBU: Basi nikuhadithie shamba, kaka. Mpakani mwa India na Bangladesh mpaka 2015 kulikuwa na vipande 162 vya nchi moja vilivyokaa ndani ya nchi nyingine kama visiwa, 111 vya India ndani ya Bangladesh na 51 vya Bangladesh ndani ya India. Vilitokana na mali za wafalme wa Cooch Behar na watawala wa Kimughali wa karne ya 18, stori za watu zinasema walikuwa wanachezeana vijiji kwenye sataranji, ila ukweli ni mikataba ya zamani ambayo haikusafishwa. Kimoja kinaitwa Dahala Khagrabari kilikuwa kipande cha India, ndani ya kipande cha Bangladesh, ndani ya kipande cha India, ndani ya Bangladesh. Soma tena polepole. Na ni shamba tu la kulima, halifiki hata ekari mbili.

Sasa mtu anayeishi kwenye kipande cha namna hiyo, kisheria ni Mhindi lakini kufika India lazima avuke Bangladesh, na kuvuka anahitaji pasi, na pasi inatolewa India. Hana kitambulisho, polisi wa nchi yake hawawezi kumfikia, wa nchi jirani sio kazi yao, umeme nguzo zinapita pembeni. Akitaka mtoto asome anaenda kijiji cha jirani anaazima mzazi, yaani mtoto anaandikishwa kwa jina la baba mwingine ambaye ni raia wa pale, na anakua na hilo jina la bandia kwenye vyeti vyake vyote. Nchi mbili zilikubaliana kubadilishana vipande toka 1974, ikatekelezwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 2015. Kila mtu akaulizwa unabaki ulipo ubadilishiwe uraia, au unahamia nchi unayosemekana ni yako? Kwenye vipande vya India zaidi ya watu elfu 37, waliochagua kuhama kwenda India hawakufika hata elfu moja. Upande wa pili hakuna aliyehama. Mtu anashika shamba, uraia anauacha uende, sijui wewe na jembe lako ungechagua nini lakini nadhani najua.

SWALI: Wakurdi ni mamilioni kwa mamilioni na hawana nchi. Poland ilifutwa kwenye ramani ikarudi. Tofauti yao nini, Mungu anapendelea? (Msomaji wa kudumu)

JIBU: Poland iligawanywa na Urusi, Prussia na Austria mara tatu, 1772, 1793 na 1795, ikapotea miaka 123. Lugha, kanisa Katoliki, mashairi na maasi ya kila kizazi viliwashika watu, hilo ni kweli na ni mfano mzuri kwamba utambulisho unaweza kuishi bila ardhi. Ila wangeendelea kuimba tu kama sio ile bahati ya 1918, madola yote matatu yaliyowagawana kuanguka kwa mpigo. Ni nadra sana.

Wakurdi walipewa ahadi mwaka 1920 kwenye mkataba wa Sèvres, lakini Waturuki wa Atatürk wakapigana wakaukataa, na mkataba wa Lausanne wa 1923 haukuwataja kabisa. Wakabaki Uturuki, Iraki, Iran na Syria. Maadui wao hawakuanguka pamoja hata siku moja, na hizo nchi nne zikigombana kwa lolote jingine, kwenye hili zinaelewana. 1946 walipata jamhuri ya Mahabad huko Iran kwa kuwa majeshi ya Urusi yalikuwepo, Warusi wakaondoka na jamhuri haikumaliza mwaka. Septemba 2017 wa Iraki wakapiga kura, zaidi ya asilimia 90 ndiyo, Oktoba jeshi la Baghdad likachukua mji wa Kirkuk na visima vyake vya mafuta, na mataifa makubwa yakaangalia pembeni. Kura haina uzito kama hakuna jirani hata mmoja wa kukufungulia mlango. Na milima ile iliyowalinda wasimezwe ndiyo iliyowafanya wawe na lahaja na vyama viwili vitatu visivyoaminiana, hilo wenyewe wanalisema.

SWALI: Kwaiyo suluhisho si kugawana tu, kila watu na chao, amani inakuja? (Mpenda Amani)

JIBU: Mara nyingine inakuja. Norway ilipotoka kwa Sweden 1905 walipiga kura, waliotaka kutoka 368,208, waliokataa 184, sijakosea, mia moja themanini na nne, na hakuna risasi iliyolia. Czechoslovakia iligawanyika tarehe 1 Januari 1993 wananchi hawakuulizwa hata kura na wakaachana salama. Kote huko mstari ulikuwepo tayari na hakuna aliyeubishia.

Sudan Kusini kura ya Januari 2011 ilikuwa karibu asilimia 99, tarehe 9 Julai bendera ikapanda, Desemba 2013 wakaanza kuuana wao kwa wao. Miaka mingi adui alikuwa Khartoum na hicho ndo kilikuwa utambulisho, adui alipotoka nyumbani ikabaki hesabu ya nani anashika mafuta na jeshi, rais Kiir au mpinzani wake Machar, na kila mmoja akakimbilia kabila lake. Abyei, eneo la mpakani kati ya Sudan mbili, nayo bado haijajulikana ni ya nani, watu wa pale hawajapiga ile kura waliyoahidiwa. Eritrea na Ethiopia nazo waliachana vizuri 1993 alafu 1998 wakapigana kwa ajili ya Badme, kijiji kidogo cha mpakani, makumi ya maelfu ya vijana wakafa kwa miaka miwili. Walipokuwa marafiki hakuna aliyejali Badme iko upande gani, na kipindi kile cha urafiki ndo mpaka ulipotakiwa uchorwe.

SWALI: La mwisho mwalimu, nchi ikizama baharini bado ni nchi? (Binti wa Pwani)

JIBU: Tuvalu, nchi ya bahari ya Pasifiki, wanakuuliza swali hilohilo, visiwa tisa, kilomita za mraba 26, watu kama elfu 11, na maji yanapanda. Ile orodha ya Montevideo inataka eneo, haisemi eneo likiondoka inakuwaje. Wenyewe 2023 walibadilisha katiba yao wakaandika kwamba dola ya Tuvalu itaendelea kuwepo hata ardhi ikimezwa, na mwaka huohuo wakasaini mkataba na Australia ambao unachukua watu 280 kwa mwaka kwenda kuishi kule, na Australia inakubali kwamba Tuvalu inabaki kuwa dola. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa maoni kwamba dola ikishakuwepo, kupoteza kimoja kati ya vilivyoiunda si lazima kuiue. Sheria imewapa pumzi. Kinachowanyima usingizi ni hesabu ya wale 280, maana ukizidisha kwa miaka 40 umewamaliza wote.